Mgeni na Jembe Lake

Lewiston ni mji wa viwanda vya nguo katika jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Viwanda vingi vilifungwa zamani, wakazi hawafiki 40,000, na theluji hukaa ardhini miezi kadhaa kila mwaka. Huko wanaishi watu ambao mzee wa Handeni, Tanzania, akiwasikia wakizungumza ataelewa maneno mengi, maana lugha ya nyumbani ya baadhi yao ni Kizigula, lugha ya Wazigua. Wanaitwa Wabantu wa Somalia. Mababu zao walichukuliwa katika karne ya 19 kutoka nchi ambazo leo ni Tanzania, Msumbiji na Malawi, wakapelekwa kwa majahazi pwani ya Benadir, Somalia ya leo, kuuzwa utumwani, na wazao wao wakaishia kulima kandokando ya mto Juba. Huko walidharauliwa, wakanyimwa shule na nafasi serikalini. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Somalia vya mwaka 1991 viliwaangukia vibaya kwa sababu walikuwa na chakula ghalani lakini hawakuwa na bunduki wala ukoo wenye nguvu wa kuwatetea. Walikimbilia kambi za wakimbizi za Dadaab nchini Kenya. Mwaka 1999 Marekani ilikubali kuwapokea kama kundi, mwaka 2002 wakahamishiwa kambi nyingine ya Kenya, Kakuma, kwa usaili, na hatimaye zaidi ya 12,000 wakasafirishwa kwenda kuanza maisha upya katika miji ya Marekani.

Familia ya namna hii inapofika, swali la ustawi wa jamii huwa gumu kuliko linavyoonekana. Wengi hujibu kwamba wapewe huduma zilezile wanazopewa raia wengine, kwa usawa, na mkalimani aitwe anapohitajika. Jibu hilo lina nia njema, lakini matokeo yake huwa madogo kwa sababu huduma hutolewa lakini haifiki. Hoja yangu ni kwamba huduma inayozingatia utamaduni wa anayehudumiwa ndiyo njia pekee ya kuhakikisha msaada uliolipiwa na umma unamfikia aliyekusudiwa. Na katika kazi hiyo asasi ndogo iliyoundwa na wahamiaji wenyewe hufanya jambo ambalo ofisi kubwa, hata ikiwa na watumishi wema, haiwezi kulifanya peke yake: huanzia kwenye kile ambacho familia tayari inakijua na kukiweza.

Kwanza tuangalie mfumo wenyewe. Chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1980, serikali kuu ya Marekani hulipa mashirika ya makazi yawapokee wakimbizi uwanja wa ndege, yawatafutie nyumba, yawaandikishe shule na yawapeleke hospitali, yote ndani ya siku 90. Baada ya hapo familia hutarajiwa kujitegemea, na huanza pia kurejesha mkopo wa nauli ya ndege iliyowaleta. Wabantu wa Somalia walitawanywa katika miji mingi, mara nyingi katika mitaa ya kodi nafuu na uhalifu mwingi. Wengi hawakukaa. Walisikia kutoka kwa ndugu kwamba Lewiston kuna nyumba tupu, shule salama na Waislamu wengine waliotangulia, wakafunga mizigo kwa mara nyingine, hasa kuanzia mwaka 2005. Lakini fedha za makazi ya wakimbizi zilikwisha kutumika katika mji wa kwanza. Walifika wakiwa na mahitaji yote ya mkimbizi mpya bila bajeti ya mkimbizi mpya. Mji wenyewe ulikuwa umeshaelemewa kiasi kwamba mwaka 2002 meya aliandika barua ya wazi akiwaomba Wasomali wapunguze kasi ya kuja. Mapema mwaka 2003 kikundi kidogo cha wabaguzi kilikuja kufanya mkutano mjini, na maelfu ya wakazi wakajitokeza kuwapinga. Kwa hiyo moyo wa kuwapokea wageni ulikuwepo, ingawa ufahamu ulikuwa haba.

Ufahamu huo haukosekani kwa sababu ya ukosefu wa tafsiri peke yake. Hospitali na shule za Lewiston zilipoona wageni wanatoka Somalia, jambo la kawaida lilikuwa kutafsiri barua kwa Kisomali na kuajiri wakalimani wa Kisomali. Kwa Wabantu, suluhisho hilo lilikuwa na kasoro tatu kwa mpigo. Lugha yao ni Kimaay au Kizigula, na Kimaay hutofautiana na Kisomali rasmi kiasi cha kuwatatiza wazungumzaji wasiozoeana. Watu wazima wengi hawakuwahi kukalia dawati la shule, basi barua iwe ya Kiingereza au ya Kisomali, kwao yote ni karatasi. Na zaidi ya hayo, mkalimani aliyeketi kati yao na daktari huenda alitoka katika koo zilezile zilizowatawala na kuwadharau kule Juba. Mama atasemaje mbele ya mtu huyo kwamba alibakwa vitani, au kwamba watoto wake wanashikwa na hofu usiku? Mwanaanthropolojia Catherine Besteman aliishi katika kijiji cha Banta bondeni Juba mwaka 1987 na 1988, akakutana tena na wanakijiji haohao Lewiston mwaka 2006, na kitabu chake cha mwaka 2016 kinaeleza kwa kina jinsi taasisi za mji zilivyowaona wageni hawa kuwa kundi moja lisilo na historia ndani yake. Afisa anayeandika “Msomali” kwenye faili na kuridhika, ameshapoteza nusu ya taarifa anayoihitaji ili amsaidie mtu aliye mbele yake.

Ukalimani hafifu una gharama inayopimika. Mwaka 2012 daktari Glenn Flores na wenzake walichapisha utafiti wa mazungumzo 57 yaliyorekodiwa katika idara mbili za dharura za watoto huko Massachusetts, kati ya madaktari na familia zinazozungumza Kihispania. Walihesabu makosa ya tafsiri na kuangalia ni yapi yangeweza kumdhuru mgonjwa. Kwa wakalimani wa kitaalamu, makosa ya hatari yalikuwa asilimia 12 ya makosa yote. Kwa wakalimani wa kuokoteza, kama ndugu au mtumishi aliyepita karibu, yalikuwa asilimia 22, juu kidogo ya asilimia 20 ya pale ambapo hapakuwa na mkalimani kabisa. Kwa wakalimani wa kitaalamu waliopata mafunzo ya saa 100 au zaidi, yalishuka hadi asilimia 2. Kujua lugha mbili, basi, hakumfanyi mtu kuwa mkalimani wa hospitali. Msomaji wa Kiswahili anaweza kulipima hili kwa urahisi: Wakongo ndio waliokuwa kundi kubwa kuliko yote kati ya wakimbizi wapatao 100,000 waliopokelewa Marekani katika mwaka wa fedha 2024, wakikaribia 20,000, na wengi wao hutumia Kiswahili. Lakini Kiswahili cha Bukavu au Lubumbashi na Kiswahili cha Dar es Salaam havitaji magonjwa, viungo vya mwili na dawa kwa maneno yaleyale, na mkalimani wa simu asiyelijua hilo ataendelea kwa kujiamini huku akipotosha.

Pasipo na mkalimani anayefaa, kazi hiyo humwangukia mtoto. Yeye ndiye aliyejifunza Kiingereza haraka shuleni, basi huketi kati ya mama yake na daktari wa uzazi, kati ya baba yake na mwenye nyumba anayedai kodi, kati ya wazazi wote na mwalimu aliyewaita kulalamika juu ya mtoto huyohuyo. Madhara yake yanazidi makosa ya tafsiri. Mzazi anayelelewa na mtoto wake mbele ya maofisa hupoteza kauli nyumbani, na mtoto hubebeshwa siri zisizostahili umri wake. Katika jamii yoyote inayojali heshima, na hapa hakuna haja ya kumfafanulia msomaji wa pwani au wa bara, kumlazimisha mvulana wa miaka 12 atafsiri ugonjwa wa kizazi cha mama yake ni kuwavunja mama na mvulana kwa pamoja. Ofisi inayofanya hivyo haivunji sheria kwa kukusudia, lakini inabomoa familia ambayo inalipwa kuijenga.

Hapo ndipo asasi ya wahamiaji inapopata kazi yake. Wabantu wa Lewiston waliunda jumuiya yao, Somali Bantu Community Association, na shughuli zake za kila siku hazina fahari yoyote: kusoma barua zilizoletwa na posta na kueleza ipi ni tangazo na ipi inatishia kukata bima ya afya, kumpeleka mtu kwenye miadi, kueleza kwa nini shule inataka chanjo zithibitishwe kwa karatasi, kumfafanulia afisa kwa nini familia imeandika tarehe ya kuzaliwa ya Januari 1 kwa watu wake wote. (Kambini, asiyejua tarehe yake huandikiwa hiyo.) Mfanyakazi wa asasi anayefanya hivi hutafsiri pande mbili. Anamfundisha mgeni mji, na anaufundisha mji kumjua mgeni. Naliona hili la pili kuwa muhimu zaidi, kwa sababu familia moja ikieleweka vizuri na hospitali, familia kumi zinazofuata hupata njia iliyokwisha kufyekwa.

Lakini kazi ya jumuiya hii ambayo imenishawishi kuliko zote ni shamba. Wabantu wa Somalia ni wakulima kwa vizazi, na huko Marekani ujuzi wao ulikuwa umegeuka kuwa kitu kisicho na thamani: fomu ya kutafuta kazi huuliza elimu na Kiingereza, haiulizi kama unajua kusoma udongo. Jumuiya ilianza kutafuta viwanja vya kukodi, na mradi wake wa Liberation Farms ukawapa wanachama, wengi wao wanawake, vipande vya ardhi vya kulisha familia zao. Baadhi hulima pia kwa vikundi vya ushirika vinavyoitwa iskashito, vikiuza mahindi na maharage na kugawana mapato. Mahindi hayo ni ya punje ngumu, yanayosagwa kuwa unga, tofauti na mahindi matamu yanayojaa katika maduka ya Marekani. Kwa msaada wa taasisi ya Agrarian Trust jumuiya ilipata shamba la ekari 107 katika mji wa jirani wa Wales, likasimamiwa chini ya jina la Little Jubba, kwa makubaliano ya muda mrefu badala ya kuhamahama kila msimu. Ukitazama kwa jicho la afisa wa bajeti, huo ni mradi wa kilimo. Ukitazama kwa makini zaidi, ni huduma ya lishe, ya afya ya akili, ya kipato, ya wazee wasio na la kufanya na ya vijana wanaojifunza kazi kwa mama zao, yote katika kiwanja kimoja. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wageni hawa walikuja na jembe lao. Kilichokosekana ni mahali pa kulitia.

Tanzania iliwahi kuonyesha jambo hilohilo kwa njia yake. Sehemu ya Wazigua waliokimbia Somalia walikwenda moja kwa moja Tanga, na huko Chogo, wilayani Handeni, wakapewa ardhi ya kulima na baadaye njia ya kupata uraia. Kati yao na wenyeji hapakuhitajika mkalimani. Si kila nchi inaweza kumpa mkimbizi makazi miongoni mwa watu wa lugha yake, lakini Handeni inaonyesha ni kiasi gani cha gharama hupungua pale serikali inapoanza na kile ambacho watu wanacho.

Je, kuna ushahidi wa kitafiti, au ni hisia nzuri tu? Upo. Mwaka 2006 watafiti Derek Griner na Timothy Smith walikusanya tafiti 76 za huduma za afya ya akili zilizorekebishwa kulingana na utamaduni wa wahudumiwa, wakakuta manufaa ya wastani yaliyo wazi kitakwimu. Huduma zilizolengwa kwa kundi moja mahususi zilikuwa na matokeo mara nne ya zile zilizotolewa kwa makundi mchanganyiko, na zile zilizotolewa kwa lugha ya mama zilizishinda za Kiingereza kwa takriban mara mbili. Karibu zaidi na kisa chetu, mtafiti Theresa Betancourt wa Boston College na wenzake walishirikiana na wakimbizi wa New England, eneo ambalo Maine imo, kubuni programu ya kuimarisha familia, inayotolewa nyumbani kwa watu na wahudumu waliotoka katika jamii zao. Mwaka 2020 walitoa matokeo ya jaribio la familia 80, nusu yake za Wabantu wa Somalia na nusu za Wabhutani. Watoto wa familia zilizopata programu waliripoti dalili chache za msongo utokanao na kiwewe, na walezi wao waliona dalili chache za sonona kwa watoto, wakilinganishwa na waliopata huduma za kawaida. Jaribio lilikuwa dogo, na halipaswi kubebeshwa zaidi ya uwezo wake. Hata hivyo linaelekea upande uleule wa ule mkusanyiko mkubwa: mlezi hufungua mlango, na moyo, kwa mtu anayejua kwa nini amefunga.

Wapo wanaopinga, na pingamizi lao la kwanza ni kwamba huduma za namna hii huwatenga wahamiaji na kuwachelewesha kuwa Wamarekani. Historia ya Lewiston yenyewe inawajibu. Wafanyakazi wa Kifaransa kutoka Quebec waliojaza viwanda vyake katika karne ya 19 hawakuunganishwa na mji kwa kunyang'anywa lugha. Walikuwa na gazeti lao la Le Messager tangu mwaka 1880, walikuwa na parokia zao, na hospitali iliyofunguliwa mwaka 1888 na masista waliotoka Quebec, ambako mgonjwa aliweza kueleza maumivu yake kwa Kifaransa. Jimbo lilijaribu njia ya kinyume: sheria ya mwaka 1919 iliamuru masomo yafundishwe kwa Kiingereza pekee katika shule za umma, na ilidumu hadi mwaka 1969. Ilichozaa ni vizazi vya watoto walioona haya kuisema lugha ya bibi zao. Hospitali ya masista inaendelea kuhudumia mji mzima hadi leo. Asasi za wahamiaji zilikuwa daraja la kuingilia katika jamii mpya, na watu walivuka.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na watetezi wa huduma hizi mara nyingi hulikwepa. Linasema “utamaduni” unaweza kugeuzwa pazia la kuficha kipigo cha mke, fimbo kwa mtoto au ukeketaji wa wasichana, na kwamba asasi ya jamii huishia kuwa sauti ya wazee wachache wa kiume. Hatari hiyo ni ya kweli. Katika jamii ndogo kuna pia tatizo la siri: mkalimani huenda ni shemeji wa yule anayelalamikiwa. Lakini kuzingatia utamaduni hakumaanishi kuukubali wote. Mwenye nafasi nzuri ya kumwambia baba kwamba kiboko hapa huleta polisi na huenda mtoto akachukuliwa, na wakati huohuo akamwonyesha njia nyingine ya kulinda heshima yake, ni mtu anayejua heshima hiyo ina uzito gani. Jambo la kudai kwa kila asasi ni hili: wanawake na vijana wawemo katika bodi na miongoni mwa wafanyakazi wanaolipwa, mhudumiwa awe na haki ya kumkataa mkalimani na kuunganishwa kwa simu na mwingine wa mji wa mbali, na kiapo cha kutunza siri kiwe na adhabu. Mfadhili asiyeuliza maswali haya kwa kuogopa kuonekana haheshimu utamaduni, anawaacha walio dhaifu zaidi ndani ya utamaduni huo.

Halafu kuna suala la fedha. Mwaka 2022 waendesha mashtaka wa serikali kuu huko Minnesota walifichua wizi wa kiasi cha dola milioni 250 za mpango wa chakula cha watoto, uliopitia kwa asasi na wakandarasi wengi, na washtakiwa wengi walikuwa na asili ya Somalia. Wizi huo uliwaumiza watoto maskini kwanza, na baada ya hapo ukawachafulia jina maelfu ya watu wasiohusika. Atakayesema asasi za wahamiaji zisikaguliwe kwa kuwa ni ndogo na zina nia njema anazichimbia kaburi. Ukaguzi wa hesabu ni sehemu ya huduma yenyewe, na unapaswa kulipiwa: ruzuku inayotoa fedha za mradi lakini inakataa kulipia mhasibu inaalika vurugu. Wizi hutokea pia katika hospitali kubwa na kampuni za ujenzi, na huko hatusemi hospitali au barabara zifutwe.

Hali ya sasa imefanya mjadala huu kuwa wa haraka. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha upokeaji wa wakimbizi, na ukomo wa mwaka wa fedha 2026 ukawekwa kuwa watu 7,500 tu. Msaada wa fedha kwa wakimbizi wapya wasiostahili mipango mingine ulipunguzwa kutoka miezi 12 hadi minne. Machi 2025 ilifutwa amri ya rais ya mwaka 2000 iliyozitaka taasisi za serikali kuu kuwawekea utaratibu wasiojua Kiingereza vizuri, na sheria ya Julai mwaka huohuo ikawaondoa wakimbizi wasio na ukaazi wa kudumu katika msaada wa chakula. Bado Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inakataza taasisi inayopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake, na mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitumia sheria hiyo kuwatetea watoto wa Kichina wa San Francisco waliofundishwa kwa lugha wasiyoielewa. Msingi wa kisheria haujaondoka, lakini mzigo wa kila siku umesukumwa kwa asasi ndogo zenye fedha kidogo kuliko wakati wowote katika miaka ya karibuni.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa makundi mawili. Wafadhili, zikiwemo hospitali zinazookoa gharama kupitia kazi hii, wazipe asasi hizi ruzuku ya miaka mitatu au mitano yenye mshahara wa mhasibu ndani yake, badala ya posho za mradi wa miezi sita. Na Waswahili mlioko Marekani, Kanada na Ulaya, ambao mmeshaitwa mara nyingi “njoo mara moja umtafsirie mama huyu,” kubalini kwenda, lakini daini pia mafunzo. Saa 100 za darasa ni kama majuma mawili na nusu ya kazi. Kwa kipimo cha utafiti wa Massachusetts, makosa ya hatari yalikuwa asilimia 22 kwa wakalimani wa kuokoteza, na asilimia 2 kwa wa kitaalamu wenye mafunzo hayo.